Je, Mwanafunzi Alazimishwe Kusema Mbele ya Darasa?

Msomaji na alifikirie darasa la Kidato cha Pili katika shule moja ya sekondari iliyoko juu katika milima ya Upare ya Kusini, wilayani Same. Mwalimu wa fizikia amekwisha kufundisha juu ya kanieneo, yaani kiasi cha nguvu inayokandamiza kila kipande cha eneo. Sasa anamwonyesha kidole msichana aliyeketi nyuma, anamwita mbele, na kumtaka aeleze kwa Kiingereza kwa nini maji hutoka kwa nguvu zaidi katika tundu lililo karibu na kitako cha pipa kuliko katika tundu lililo karibu na mdomo wake. Msichana anasimama. Anautazama ubao, anaitazama sakafu, anaanza neno moja na kulikata. Nyuma kunasikika kicheko. Baada ya muda mfupi mwalimu anamwambia arudi kuketi, na moyoni mwake anaandika: huyu hajui.

Jioni ya siku hiyo hiyo msichana anakwenda na mdogo wake kwenye ndiva, bwawa dogo la kienyeji ambalo Wapare wamelitumia tangu zamani kukusanya maji ya kijito kwa ajili ya kumwagilia mashamba. Mdogo wake anamwuliza kwa Chasu kwa nini maji hutoka kwa kasi bwawa linapojaa, na kwa nini kasi hiyo hupungua kadiri maji yanavyoshuka. Dada anamjibu bila kusita kwamba maji ya juu huyakandamiza ya chini. Yakiwa mengi juu, ya chini husukumwa kwa nguvu. Yakipungua, msukumo nao hupungua. Hilo ndilo jibu alilotakiwa kulitoa asubuhi.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini mwalimu ye yote aliyefundisha katika shule zetu atautambua mara moja. Nao unazaa swali ambalo walimu wamebishana juu yake kwa miaka mingi: je, ni haki, na je, kuna faida, kumlazimisha mwanafunzi kusimama na kusema mbele ya wenzake? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa msaada wa yale ambayo sayansi ya mwili na ya nafsi imekwisha kuyagundua.

Hoja za pande mbili

Wanaounga mkono lazima hiyo wana hoja nzito. Mwezi Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akataka shule zimjenge kijana mwenye akili ya kudadisi na mwenye kujiamini kama mtu huru aliye sawa na wenzake. Ni vigumu kuona jinsi kijana atakavyoupata moyo huo ikiwa kwa miaka minne kazi yake ni kuketi, kusikiliza na kunakili.

Upare wenyewe una sababu yake ya kulithamini neno linalosemwa hadharani. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka kutoka milimani wakakusanyika Same kuipinga kodi mpya iliyojulikana kwa jina la mbiru, wakakaa hapo siku nyingi wakidai wasikilizwe, na hatimaye kodi hiyo ikaondolewa. Hali kadhalika, mwanahistoria Isaria Kimambo alipoiandika historia ya Wapare, katika kitabu kilichotoka mwaka 1969, sehemu kubwa ya ushahidi wake ilitoka vinywani mwa wazee waliojua kuyasimulia mambo ya kale kwa mpangilio. Watu wa milima hii hawakuwa watu wa kunyamaza. Ikiwa mjukuu wao ananyamaza shuleni, kuna kitu shuleni kinachomnyamazisha.

Wanaopinga nao wana hoja zao. Husema kwamba kumwita mtoto mbele kwa ghafla ni kumwaibisha. Kwamba mwoga huzidi kuwa mwoga. Kwamba mtihani wa taifa huandikwa wala hausemwi. Na kwamba muda wa kipindi hautoshi. Ili kuamua kati ya pande hizi mbili, yafaa kwanza kulichambua tendo lenyewe. Kusema mbele ya darasa si jambo moja bali ni mambo matatu yaliyofungwa pamoja: kusema, kusikilizwa, na kuhukumiwa. Kila moja lina athari zake, na mabishano mengi hutokea kwa sababu watu huyachanganya.

Faida ya kusema

Jambo la kwanza ni kusema kwenyewe, yaani kuliweka wazo katika maneno. Mwaka 1994 Michelene Chi na wenzake huko Marekani waliwapa wanafunzi wa darasa la nane maandishi kuhusu mzunguko wa damu mwilini. Kundi moja liliyasoma maandishi hayo mara mbili. Kundi la pili liliyasoma mara moja, lakini kila baada ya sentensi mwanafunzi alitakiwa ajieleze maana yake. Walipopimwa, wale waliojieleza walionekana kuielewa kazi ya moyo na mishipa vizuri zaidi kuliko wenzao waliosoma mara mbili.

Sababu yake si fumbo. Mtu anaposoma, macho yanaweza kupita juu ya maneno huku akidhani ameelewa. Anapotakiwa kueleza, kila pengo katika fikra zake hujitokeza: huona kwamba hajui kiungo kati ya jambo hili na lile, naye hulazimika kukitafuta. Aidha, kulikumbuka jambo kutoka kichwani hulikaza katika kumbukumbu kuliko kulisoma tena, jambo ambalo Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilithibitisha kwa majaribio mwaka 2006. Kwa hiyo hoja kwamba mtihani huandikwa wala hausemwi haina nguvu. Anayesema leo huandika vizuri zaidi kesho.

Lakini msomaji na aangalie: katika jaribio la mwaka 1994 hapakuwa na darasa zima lililokodoa macho. Faida ilitokana na kusema, wala haikutokana na kusimama mbele.

Yanayotokea mwilini

Jambo la pili na la tatu, kusikilizwa na kuhukumiwa, huugusa mwili wote. Mwaka 1915 Walter Cannon wa Marekani alieleza jinsi mwili unavyojiandaa mbele ya hatari. Ubongo hupeleka amri kwa neva ambazo hazitawaliwi na hiari ya mtu. Tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo humwaga katika damu homoni iitwayo adrenalini. Moyo hupiga mbio, ini hutoa sukari, damu huelekezwa kwenye misuli mikubwa ya miguu na mikono, na kazi ya kumeng'enya chakula hupunguzwa. Maandalizi haya humfaa mtu anayekutana na chui. Hayamfai sana anayetakiwa kueleza kanieneo.

Dalili zote ambazo mwanafunzi huzionea haya zinatokana na maandalizi hayo. Kinywa hukauka kwa sababu mate hupungua. Viganja hutoka jasho. Mikono hutetemeka kwa sababu misuli imekazwa bila kupewa kazi. Sauti hukatika kwa sababu pumzi imekuwa fupi na misuli ya zoloto imekazwa. Dalili hizi hazionyeshi upumbavu wala ukaidi, bali zinaonyesha kwamba mwili ni mzima na unafanya kazi uliyoumbiwa, ila umekosea kuitambua hatari.

Hofu ya kusema hadharani ni ya hakika kiasi kwamba wanasayansi huitumia kama kipimo. Mwaka 1993 Clemens Kirschbaum na wenzake katika Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, walitangaza jaribio ambalo mtu hutakiwa kutoa hotuba na kufanya hesabu ya kutoa kwa sauti mbele ya watu wanaompima. Kiasi cha homoni ya kotisoli kiliongezeka mara mbili hadi mara nne. Kisha, mwaka 2004, Sally Dickerson na Margaret Kemeny walizichunguza tafiti 208 za namna hiyo, wakaona kwamba kotisoli hupanda zaidi yanapokutana mambo mawili: mtu kuhukumiwa na wengine, na mtu kutokuwa na uwezo wo wote wa kuyaathiri matokeo.

Matokeo hayo yana maana kubwa kwa mwalimu. Mwanafunzi anayeitwa ghafla, bila kujiandaa, katika lugha asiyoimudu, huku wenzake wakicheka, amewekwa katika hali zote mbili kwa pamoja. Anayejua tangu jana kwamba atasema, anayelijua jambo lake, na anayesikilizwa kwa adabu, yumo katika hali nyingine kabisa, ijapokuwa amesimama mahali pale pale.

Mende na hadhira

Je, kutazamwa na wengine humsaidia mtu au humzuia? Robert Zajonc alilitolea swali hilo jibu mwaka 1965: hadhira humsaidia mtu katika jambo alilolizoea, na humzuia katika jambo ambalo bado anajifunza. Mwaka 1969 yeye na wenzake walilijaribu wazo hilo kwa mende. Mende hukimbia mwanga. Walimweka mende mmoja katika njia iliyonyooka, wakawasha taa, wakapima muda aliotumia kufika gizani. Kisha wakaweka mende wengine kando ya njia, ndani ya visanduku vya kuonyesha, wawe kama watazamaji. Mbele ya watazamaji mende alikimbia upesi zaidi. Lakini njia ilipokuwa yenye kona ya kuchagua, mende aliyetazamwa alichelewa zaidi kuliko aliyekuwa peke yake.

Binadamu si mende, na hofu ya mwanafunzi ina mengi ndani yake kuliko mwanga na giza. Hata hivyo kanuni hiyo imeonekana pia kwa watu, nayo inamwonya mwalimu. Kumwita mwanafunzi mbele ili aeleze jambo alilofundishwa dakika kumi zilizopita ni kumtia katika njia yenye kona huku akitazamwa. Kumwita aeleze jambo alilokwisha kulifanyia mazoezi ni kumpa njia iliyonyooka. Hadhira inafaa mwishoni mwa kujifunza, haifai mwanzoni.

Lugha tatu katika kichwa kimoja

Katika milima ya Upare jambo hili lina uzito zaidi kwa sababu ya lugha. Watoto wengi wa Same huanza maisha yao katika Chasu. Katika shule ya msingi ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili. Wakiingia Kidato cha Kwanza, masomo karibu yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza kwamba Kiswahili kitumike kufundishia sekondari, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikitaja tena Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote, huku ikitaka Kiingereza kiimarishwe. Hata hivyo Kiingereza kimeendelea kutumika kufundishia na kutahini masomo mengi ya sekondari.

Wachunguzi waliokaa katika madarasa ya Tanzania wameandika mara kwa mara juu ya jambo moja. Penina Mlama na May Matteru waliliona mwishoni mwa miaka ya 1970, na mradi wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Oslo na Western Cape, ulioanza mwaka 2002, uliliona tena: mwalimu akiuliza kwa Kiingereza, darasa hunyamaza, akiuliza swali lile lile kwa Kiswahili, mikono huinuka.

Sayansi ya kumbukumbu hulieleza jambo hilo. Mwaka 1956 George Miller alionyesha kwamba akili ya mtu huweza kushika vitu vichache tu kwa wakati mmoja, takriban saba, na watafiti wa baadaye wamepunguza idadi hiyo hadi karibu vinne. Mwanafunzi anayeeleza kanieneo kwa lugha aliyoizoea anashika wazo peke yake. Anayeeleza kwa lugha asiyoimudu anashika wazo, anatafuta neno, anapanga sarufi, anachunga matamshi, na juu ya hayo anasikiliza kama kuna anayecheka. Mzigo unapozidi uwezo, kinachoanguka kwanza aghalabu ni wazo lenyewe. Ndipo mwalimu huandika moyoni: huyu hajui.

Haifuati kutokana na hayo kwamba Kiingereza kisisemwe darasani. Mwanafunzi anayekihitaji hana budi kukisema, kwa maana hakuna aliyepata kujifunza lugha kwa kunyamaza. Kinachofuata ni kwamba mambo mawili mapya yasidaiwe kwa wakati mmoja. Wazo na lifahamike na kusemwa kwanza kwa Kiswahili. Kisha, likiwa limekwisha kuwa la kawaida, lisemwe kwa Kiingereza. Hapo kipya ni lugha tu.

Ndiva ya fikra

Ndiva inaweza kumfundisha mwalimu jambo jingine. Tuseme kijito hutoa lita 2 tu za maji kwa sekunde. Maji hayo yakielekezwa moja kwa moja katika mfereji mkavu, mengi yatanywewa na udongo kabla ya kufika shambani. Kwa hiyo hukusanywa usiku kucha. Kwa saa 12, ambazo ni sekunde 43,200, ndiva itapokea lita 86,400. Asubuhi, yakifunguliwa yatoke kwa saa 3, yaani sekunde 10,800, mfereji utapata wastani wa lita 8 kwa sekunde. Kijito ni kile kile, lakini mkondo umekuwa mara nne, nao unafika shambani.

Mwanafunzi naye anahitaji muda wa kukusanya. Katika miaka ya 1970 Mary Budd Rowe wa Marekani alisikiliza kanda zilizonaswa katika masomo mengi ya sayansi, akapima muda ambao mwalimu husubiri baada ya kuuliza swali. Kwa wastani walimu walisubiri kiasi cha sekunde moja tu, kisha wakajibu wenyewe au wakamwita mwingine. Walipofundishwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, waliokosa la kusema walipungua, na wanafunzi waliodhaniwa kuwa wazito walianza kujibu. Ikiwa sekunde tatu zilimsaidia mtoto aliyeulizwa kwa lugha ya mama yake, mwanafunzi anayefasiri kutoka lugha moja hadi nyingine huenda akahitaji zaidi ya hizo.

Hesabu ya dakika

Walimu wengi husema kwamba darasa ni kubwa na muda ni mfupi. Hoja hiyo ni ya kweli, nayo yafaa kutiwa katika hesabu. Chukuliwe darasa la wanafunzi 50 na kipindi cha dakika 40. Mwalimu akitumia dakika 25 kufundisha, hubaki dakika 15, yaani sekunde 900. Kila mwanafunzi akisimama mbele kwa zamu, atapata sekunde 18, bila kuhesabu muda wa kutembea kwenda na kurudi. Sekunde 18 hazitoshi kueleza lo lote.

Wanafunzi hao hao wakigeukiana wawili wawili, mmoja akasema na mwenzake akasikiliza kisha wakabadilishana, kila mmoja atapata dakika saba na nusu za kusema. Kwa hiyo ikiwa kinachotafutwa ni kusema, njia ya kumwita mmoja mmoja mbele ndiyo inayopoteza muda zaidi kuliko nyingine zote. Kusema na kufanywe kila siku na wote. Kusimama mbele na kufanywe kwa zamu na kwa maandalizi.

Kwa nini kusamehe kabisa si huruma

Baada ya kusoma hayo yote, mwalimu mwema anaweza kuamua kwamba mwanafunzi mwoga aachwe kabisa. Uamuzi huo nao una hatari. Mwoga anaposamehewa, moyo wake hutulia, na utulivu huo humfundisha kwamba kukwepa kuna faida. Mara ya pili hukwepa upesi zaidi. Hofu ambayo haijaribiwi haipungui, bali huota mizizi. Atakapomaliza Kidato cha Nne atakuwa amejifunza kemia na historia, na pamoja na hayo atakuwa amejifunza kwa miaka minne kwamba yeye si mtu wa kusema. Baadaye atakaa kimya katika mkutano wa kijiji ambapo zamu za maji hugawanywa, na shamba lake ndilo litakalokosa maji.

Dawa inayojulikana ni kuikabili hofu kidogo kidogo. Mwaka 1958 Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, alieleza njia ya kumpandisha mtu ngazi, kuanzia jambo linalomtisha kidogo hadi linalomtisha sana, bila kuruka ngazi kabla ya iliyotangulia kuzoeleka. Kwa darasa la sekondari ngazi hizo zinaweza kuwa hivi:

1. Mwanafunzi anaandika jibu lake katika daftari, kisha anamweleza jirani yake kwa Kiswahili.

2. Jozi mbili zinaungana, na kila mmoja anaeleza jibu la mwenzake wala si lake. Hapo anayesema hahukumiwi kwa jibu.

3. Mwanafunzi anasema akiwa ameketi mahali pake, akilitolea darasa jibu la kikundi kizima.

4. Wanafunzi wawili wanasimama mbele na kitu mkononi, kwa mfano kopo lililotobolewa matundu matatu na kujazwa maji. Macho ya darasa hutazama kopo, na mikono ya anayesema hupata kazi ya kufanya.

5. Mwanafunzi anasimama peke yake kwa dakika moja, juu ya jambo alilopewa siku iliyotangulia, kwa Kiswahili.

6. Anarudia jambo lile lile kwa Kiingereza.

7. Anasema, kisha anajibu maswali ya wenzake.

Mwanafunzi mwingine atafika ngazi ya saba katika mwezi mmoja, na mwingine kwa mwaka mzima. Lazima iliyopo ni ya kupanda, si ya kufika siku moja na wengine.

Yako masharti matatu. La kwanza, kicheko cha dharau kipigwe marufuku tangu siku ya kwanza, na mwalimu awe wa kwanza kulitii sharti hilo. La pili, kosa la matamshi lisisahihishwe katikati ya sentensi. Lisubiri hadi wazo limalizike. La tatu, alama zisitolewe kabla ya ngazi ya tano, wala asiadhibiwe aliyeshindwa. Fimbo huongeza adrenalini, haiongezi maneno.

Tena, wanafunzi na waelezwe sayansi ya hofu yao. Mwaka 2003 Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walionyesha kwamba wasemaji hudhani hofu yao inaonekana wazi kwa hadhira, kumbe haionekani kwa kiasi wanachodhani. Wasemaji walioelezwa jambo hilo kabla ya kusimama walisema vizuri zaidi kuliko wale ambao hawakuelezwa. Ni dawa isiyo na gharama.

Wenye udhuru wa kweli

Katika kila shule wako wanafunzi ambao ugumu wao si woga wa kawaida. Kiasi cha watoto 5 katika kila 100 hupata kigugumizi wakati fulani wa utoto wao, na karibu mtu 1 katika kila 100 huendelea kuwa nacho, wanaume wakiwa wengi kuliko wanawake. Kigugumizi hakitokani na upungufu wa akili, wala hakiponywi kwa kukaripia. Mwalimu asimharakishe mwenye kigugumizi wala asimmalizie maneno yake, bali amwulize faraghani jinsi anavyopenda kushiriki. Wako pia wenye usikivu hafifu, ambao hunyamaza kwa sababu swali halikuwafikia. Hao na waketi mbele, na mwalimu aseme akiwa amewaelekea ili wapate kuuona mdomo wake.

Jaribio kwa mwalimu

Sayansi haimtaki mwalimu ayakubali haya kwa sababu yameandikwa. Mwenye mikondo miwili ya kidato kimoja anaweza kuyapima. Kwa wiki mbili ahesabu, katika mikondo yote miwili, ni wanafunzi wangapi wanaosema angalau sentensi moja nzima katika kila kipindi. Kisha, kwa wiki sita, atumie ngazi zilizotajwa katika mkondo mmoja, na katika mwingine aendelee kama kawaida. Mwishoni ahesabu tena na kuwapa wote zoezi moja la maandishi, ambalo litasahihishwa na mwalimu mwingine asiyejua karatasi ipi imetoka mkondo upi. Asiyategemee yale anayoyakumbuka, kwa kuwa kumbukumbu humpendelea mwenyewe. Aandike kila siku. Na akumbuke kwamba mikondo miwili ni michache mno kuthibitisha kanuni, ingawa inatosha kumfumbua macho.

Hitimisho

Je, mwanafunzi alazimishwe kusema mbele ya darasa? Alazimishwe kusema, tena kila siku, maana kusema ni sehemu ya kufikiri. Azoeshwe kusikilizwa, hatua kwa hatua, hadi aweze kusimama mbele peke yake kabla ya kumaliza shule. Lakini asihukumiwe kabla ya kujifunza, wala asidaiwe wazo jipya na lugha mpya kwa pumzi moja. Msichana wa mfano wetu alikuwa nalo jibu tangu asubuhi. Kilichokosekana ni nafasi ya kulikusanya, kama vile ndiva inavyokusanya maji usiku, kabla ya kufunguliwa mbele ya watu.

Maswali ya mazoezi

1. Kijito hutoa lita 3 kwa sekunde. Maji yake hukusanywa katika ndiva kwa saa 10, kisha hutolewa yote kwa saa 4. Tafuta wastani wa mkondo unaotoka. (Usihesabu maji yanayopotea.)

2. Eleza kwa nini kinywa hukauka na sauti hutetemeka mtu anapoogopa.

3. Kwa kutumia jaribio la mende, eleza kwa nini mwimbaji aliyefanya mazoezi huimba vizuri zaidi mbele ya watu, na asiyefanya mazoezi huharibu.

4. Darasa lina wanafunzi 60, na dakika 10 zimebaki. Kila mwanafunzi atapata muda gani wa kusema ikiwa watakwenda mbele mmoja mmoja? Na ikiwa watagawanyika wawili wawili?

5. Mweleze mwenzako, kwa lugha unayoimudu zaidi, kwa nini maji hutoka kwa nguvu zaidi karibu na kitako cha pipa. Kisha umweleze tena kwa Kiingereza. Mwambie akuonyeshe mahali ambapo maelezo yako ya pili yalipungukiwa, na mchunguze pamoja: kilichopungua ni wazo au ni neno?